Chokaa, Saruji na Mstari Ulio Kati ya Vigae

Walimu wa lugha tumezoea kuchunguza maneno ya heshima: maneno ya siasa, ya sheria, ya dini na ya ushairi. Katika makala haya tumeona vema tuteremke hadi sakafuni, tuutazame mstari mwembamba unaotenganisha kigae na kigae katika bafu, jiko na choo. Mafundi wa siku hizi huita kijazo cha mstari huo grauti. Ndicho kitu kinachochafuka kwanza chumbani, ndicho kinachosuguliwa kwa hasira, na ndicho kinachosafishwa vibaya kuliko vyote.

Tuna sababu mbili za kushughulika na jambo dogo namna hii. Ya kwanza ni ya lugha: maneno yetu ya ujenzi yamebeba historia ambayo wanafunzi wetu, hasa wa nchi za bara zisizo na pwani, huyatumia kila siku pasipo kuijua. Ya pili ni ya maisha yenyewe. Katika shule nyingi wanafunzi ndio wanaosafisha vyoo na bafu, na dawa wanazopewa zikitumiwa bila maarifa huweza kuharibu jengo, na kibaya zaidi, huweza kuua mtu. Tunadai kwamba anayejua mstari ule umetoka wapi atajua pia namna ya kuusafisha.

Maneno manne ya nyumba

Tuanze na kigae. Gae ni kipande kikubwa cha chungu kilichovunjika. Kipande kidogo ni kigae. Hapa mwalimu anao mfano mzuri wa ngeli ya KI-VI inayoonyesha udogo. Mswahili alipoletewa bamba la udongo uliochomwa, la kuezekea paa au kutandazia sakafu, hakulazimika kuazima neno. Alikuwa nalo jikoni mwake, kwani chungu na kigae ni udongo mmoja uliopita motoni.

Sakafu ina safari ndefu zaidi. Kwa Kiarabu neno saqf lina maana ya paa au dari, nasi kwa Kiswahili tunakanyaga sakafu kwa miguu. Wanafunzi hucheka wanapoambiwa hivyo, lakini anayezijua nyumba za mawe za pwani hashangai. Juu ya boriti za mikoko yalipangwa mawe, juu ya mawe ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, nayo ikashindiliwa hata ikawa ngumu. Kwa aliyekuwa chini, hilo lilikuwa paa. Kwa aliyekuwa ghorofani, lilikuwa mahali pa kukanyaga. Kitu ni kimoja, na neno likafuata kitu.

Marumaru hutokana na neno la Kiarabu marmar, nalo ni jina la jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo wa ardhi. Siku hizi, hasa Tanzania, watu wengi huita vigae vyote vya sakafuni marumaru. Katika mazungumzo si kosa, kwa kuwa lugha ni ya wasemaji. Lakini kwa msafishaji tofauti hiyo ni kubwa: marumaru halisi huliwa na ndimu na siki, kigae cha udongo uliochomwa na kupakwa rangi ya kioo hakiliwi.

Neno la nne ni saruji, ambalo tumelipokea kutoka Kiajemi, sārūj. Huko Uajemi na Omani neno hilo halikuwa jina la unga wa kiwandani. Lilikuwa jina la lipu ya kale iliyoweza kuzuia maji, iliyotengenezwa kwa udongo wa mfinyanzi uliochomwa na kusagwa, au kwa chokaa iliyochanganywa na udongo au majivu. Nchini Omani ilipakwa katika mifereji ya kunyweshea mashamba na katika ngome. Basi neno saruji, tangu asili yake, lina maji ndani yake. Tulikumbuke jambo hilo, maana tutalirudia.

Jiwe lililopita motoni

Kabla ya saruji ya viwanda, pwani yote ya Afrika Mashariki ilijengwa kwa chokaa. Watu walikata matumbawe, wakapanga magogo kwa duara, wakayarundika matumbawe juu yake na kuyachoma. Tanuri ya namna hiyo huitwa tanuu. Jiwe lililotoka humo lilimwagiwa maji, nalo likachemka na kubomoka kuwa unga mweupe, ambao ulichanganywa na mchanga ili kushika mawe ya ukuta.

Kinachotokea katika tanuu ni rahisi kuelezwa. Jiwe la chokaa likipata joto la nyuzi 900 hivi hutoa hewa ya kaboni dioksidi. Kilo 100 za jiwe safi hubakiza kilo 56 tu za chokaa kali. Kilo 44 zimepaa angani. Ikitiwa maji, chokaa hupata moto na kulainika. Ikishapakwa ukutani, huanza kuvuta tena hewa ile ile iliyofukuzwa na moto, na polepole, kwa miezi na miaka, hurudi kuwa jiwe. Ukuta wa chokaa, kwa hiyo, ni jiwe lililovunjwa kwa moto na kuumbwa upya kwa hewa.

Uimara wa jiwe hilo unaonekana Kilwa Kisiwani, mji aliofika msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Huko yako magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye birika la kuogea la pembe nane. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Pwani hiyo hiyo ilijua pia kuunganisha chokaa na vyombo vilivyochomwa na kung'arishwa. Katika makaburi ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na katika nguzo ya kaburi la Mambrui, kaskazini ya Malindi, bakuli za kaure kutoka China zilipachikwa katika lipu ya chokaa ziwe pambo. Mahali pengi bakuli limeng'olewa au limevunjika, na chokaa iliyolishika imebaki na alama ya duara lake. Hapo tunaona kazi ya kijazo: kukishika kitu kinachopendeza, chenyewe kisitazamwe.

Maji, mtihani wa kila fundi

Chokaa tupu ina udhaifu mmoja. Haigandi chini ya maji, na penye unyevu daima hukawia kukauka na kukaza. Historia ya ujenzi wa mabafu, visima na bandari ni historia ya watu waliotafuta dawa ya udhaifu huo.

Warumi waliipata katika majivu ya volkano ya Pozzuoli, karibu na Napoli. Walipoyachanganya na chokaa walipata lipu iliyoganda hata baharini. Waajemi na Waomani, kama tulivyosema, walikuwa na saruji yao. Unguja nako, mnamo mwaka 1850, Seyyid Said alijenga mabafu ya Kidichi kwa ajili ya mkewe Mwajemi. Na baadaye, katika utawala wa Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, yakajengwa mabafu ya Hamamni mjini. Hata jina Hamamni limetoka katika hamamu, nyumba ya kuogea. Ufundi wa kuogea ulisafiri pamoja na maneno yake.

Huko Uingereza mhandisi John Smeaton alipewa kazi ya kujenga upya mnara wa taa wa Eddystone, juu ya mwamba uliopigwa na mawimbi. Katika miaka ya 1756 hadi 1759 alifanya majaribio na kugundua kwamba chokaa inayostahimili maji ni ile iliyotokana na jiwe lenye udongo wa mfinyanzi ndani yake. Mwaka 1824 Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds, alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa unga uliotokana na kuchoma chokaa na mfinyanzi pamoja. Aliuita Portland, kwa kuwa ulipoganda ulifanana na jiwe la kisiwa cha Portland. Saruji ya leo huchomwa kwa moto mkali zaidi, karibu nyuzi 1450, lakini jina lile limebaki.

Sisi wa Afrika Mashariki tulianza kutengeneza saruji yetu katikati ya karne ya 20. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Tororo, nchini Uganda, kiwanda kilijengwa katika miaka hiyo hiyo ya 1950. Na cha Wazo, Dar es Salaam, kilianza mwaka 1966. Bamburi walichimba mawe ya matumbawe ya kale. Kwa hiyo mkazi wa Nairobi au wa Kampala aliyejengewa bafu kwa saruji ya Mombasa alikuwa akisimama, bila kujua, juu ya kitu kile kile kilichoshikilia kuta za Kilwa: matumbawe yaliyopita motoni.

Hapa tunapata jambo la kwanza la kukumbuka. Saruji haigandi kwa kukaushwa, bali kwa kuungana na maji. Mstari mpya uliojazwa kati ya vigae ukiachwa ukaushwe upesi na jua au upepo, huwa dhaifu na kuvumbika. Fundi mwema huunyunyizia maji kidogo kwa siku chache.

Kigae cheupe na ahadi ya usafi

Vigae vyenyewe ni vya kale mno. Chini ya piramidi ya ngazi ya Farao Djoser, huko Saqqara nchini Misri, iliyojengwa yapata miaka 2,600 na zaidi kabla ya Kristo, vyumba vilipambwa kwa maelfu ya vigae vya rangi ya buluu na kijani. Lakini kwa karne nyingi kigae kilikuwa mali ya wafalme na nyumba za ibada, kwa kuwa kila kimoja kilifinyangwa kwa mkono.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1840, Mwingereza Richard Prosser alipopata hati ya njia ya kutengeneza vyombo vya udongo kwa kugandamiza unga mkavu wa udongo katika mashine. Herbert Minton, mwenye kiwanda cha vyombo, aliitumia njia hiyo kutengeneza vigae. Sasa vigae vingi vilitoka vikiwa sawasawa na kwa bei nafuu. Baadaye elimu ya vijidudu ilipoenea, hasa baada ya Robert Koch kutangaza mwaka 1882 kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu, vigae vyeupe vilitandazwa katika hospitali, machinjio na vyoo. Reli ya chini ya ardhi ya Paris ilipofunguliwa mwaka 1900 vituo vyake vilivikwa vigae vyeupe. Weupe ulikuwa ahadi: uchafu hautajificha.

Ahadi hiyo ilikuwa na tundu. Uso wa kigae umepakwa rangi ya kioo isiyonyonya maji, lakini vigae haviwezi kubanana kabisa. Havilingani kwa usahihi kamili, na nyumba nayo hutanuka na kusinyaa kwa joto na baridi. Lazima pawepo nafasi, na nafasi hiyo hujazwa saruji yenye vinyweleo. Mstari huo uko chini kidogo ya uso wa kigae, kwa hiyo maji ya sabuni, mafuta ya mwili na vumbi hukimbilia humo. Maji yenye chokaa nyingi yakikutana na sabuni hutoa utando wa kijivu. Unyevu usiokauka huleta kuvu nyeusi. Usafi wote wa kigae, basi, unategemea kitu kisicho kigae.

Kosa la siki na hatari ya maji ya Javel

Sasa historia yetu inatufikisha kwenye ndoo na brashi. Watu wengi wakiuona mstari mchafu hukimbilia siki, ndimu, au ile dawa kali ya vyoo yenye asidi. Mstari hung'aa siku hiyo hiyo, nao hufurahi. Kumbe hawakuuosha, wameuchuna. Asidi huyeyusha chokaa, iwe ya tanuu au iliyomo katika saruji. Kila mara tabaka moja huondoka, vinyweleo huwa vikubwa zaidi, na uchafu wa wiki ijayo huingia kwa kina kuliko wa wiki iliyopita. Mwishowe maji hupenya nyuma ya vigae, navyo huanza kulia kama ngoma vikigongwa na hatimaye hung'oka.

Kosa la pili ni baya zaidi. Mwaka 1774 mwanakemia Carl Wilhelm Scheele alipata hewa ya klorini. Katika miaka ya 1780 Mfaransa Claude Berthollet alitambua kwamba hewa hiyo hufanya nguo kuwa nyeupe, na katika kijiji cha Javel, ambacho leo kimo ndani ya Paris, ikatengenezwa dawa ya maji. Wasomaji wetu wa Rwanda, Burundi na Kongo huiita javeli hadi leo, na pengine hawajui kwamba wanataja kijiji cha Ufaransa. Dawa hii huua vijidudu na kuvu, na ikitumiwa peke yake, iliyozimuliwa kwa maji kama chupa inavyoagiza, ina faida kubwa.

Lakini maji ya Javel yakichanganywa na asidi, iwe siki, ndimu au dawa ya choo, hutoa klorini tena. Hewa hiyo ndiyo iliyofunguliwa juu ya askari karibu na Ypres, nchini Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ikawaua kwa kuwaharibu mapafu. Mwanafunzi anayemimina dawa mbili katika choo chembamba kisicho na dirisha, akitumaini kwamba mbili zitashinda moja, anatengeneza silaha ile ile kwa kiasi kidogo. Hali kadhalika maji ya Javel yasichanganywe na amonia, wala yasimwagwe juu ya mkojo mwingi uliosimama, kwa maana hapo pia hutoka hewa yenye sumu. Tunawasihi walimu walizingatie jambo hili kuliko mengine yote yaliyomo katika makala haya.

Namna iliyo njema

Njia salama inatokana na kanuni moja: chokaa haipatani na asidi, bali inapatana na magadi. Magadi ni ndugu wa sabuni na majivu. Hulainisha mafuta wala hayali saruji. Nasi tunayo karibu. Ziwa Magadi nchini Kenya, ambako uchimbaji wa kibiashara ulianzishwa mwaka 1911, limelipa neno hilo heshima hata katika ramani.

Kwanza, fagia vumbi lote likiwa kavu, kisha lowesha sakafu kwa maji ya vuguvugu. Pili, yeyusha magadi katika maji ya moto; kama ni magadi ya ziwani yenye mchanga, yachuje. Kama ni unga laini, uchanganye na maji kidogo uwe kama uji mzito. Tatu, paka katika mistari na uache kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Nne, sugua kwa brashi ya nailoni, wala usitumie brashi ya waya wala kisu, kwani huchimba mfereji. Tano, suuza kwa maji mengi na ukaushe kwa kitambaa. Mikono ivikwe glavu, kwani magadi huchubua ngozi.

Kuvu nyeusi ikibaki, subiri hadi magadi yamesuuzwa yote, fungua dirisha na mlango, kisha tumia maji ya Javel peke yake, na usuuze tena. Mstari uliovumbika hauponi kwa kusuguliwa: ukwanguliwe, utolewe vumbi, ujazwe upya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, nao walikuwa watu wa kuta za chokaa.

Zaidi ya hayo, kinga ni hewa. Bafu lililokaushwa na kuachwa wazi baada ya kuoga halioti kuvu upesi. Mabafu ya kale yalijengwa kwa kufikiria njia ya hewa na mwanga. Mengi ya kwetu leo yamejengwa kwa kuzisahau.

Kwa darasani

Somo hili laweza kufundishwa pasipo gharama. Mwalimu achukue kipande cha ukuta wa chokaa au cha gamba la koa wa baharini, na kipande cha kigae. Atone ndimu juu ya vyote viwili. Chokaa itatoa povu, kigae kitatulia. Wanafunzi waeleze kwa Kiswahili walichokiona, watumie vitenzi kuchemka, kuyeyuka, kunyonya, kuganda na kuvumbika, kisha waandike onyo fupi la kubandikwa katika chumba cha vifaa vya usafi vya shule. Utungaji huo utakuwa na msomaji wa kweli na kazi ya kweli.

Aidha, tunawaomba walimu wenzetu wakae na mafundi wa mitaa yao, wakusanye maneno ya kazi hii jinsi yanavyosemwa Bukavu, Bujumbura, Kigali, Kampala na kwingineko: majina ya kijazo, ya mwiko, ya lipu, ya kigae kilichong'oka. Mengi ya maneno hayo hayajaingia katika kamusi. Yamo vinywani mwa watu wenye chokaa mikononi, nasi tusipowauliza, hatutakuwa na la kuwafundisha wana wao.